Shilingi 70 za Chai

Mtu akikuambia kwamba anafanya kazi mbali na kwao, aghalabu utamwuliza analipwa kiasi gani, na pengine utamwuliza anarudi lini. Ni wachache watakaomwuliza anakunywa nini asubuhi, au akishavua viatu usiku anaketi wapi. Maswali hayo yanaonekana ya kipuuzi. Mimi nimeishi misimu saba ya korosho katika chumba cha kupanga pale Ufukoni, Mtwara, na mtu akitaka kujua niliimalizaje, huanza kumjibu kwa hayo ya kipuuzi kwanza, kisha ndipo tunapofika kwenye mshahara.

Mtwara ni mji wa wageni tangu ulipozaliwa. Jirani yake Mikindani ni mji mkongwe wa majahazi, wenye wenyewe na makaburi ya wenyewe. Lakini Mtwara ya leo ilichorwa kwa ajili ya karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wake mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, na mazao ya Nachingwea yakatafutiwa bandari. Karanga hazikukubali. Mpango ukaachwa mwaka 1951, na bandari ya kina kirefu ikafunguliwa mwaka 1954, yaani baada ya mgeni aliyejengewa nyumba kwisha kuondoka. Reli ya kwenda Nachingwea nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mpaka leo iko kata mjini iitwayo Reli, na ukimwuliza mtoto wa pale reli yenyewe iko wapi, atakucheka.

Kilichobaki kuijaza bandari ile ni korosho, nazo hazikuwa na safari nyepesi. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna tani zipatazo 145,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 zilikuwa zimeshuka chini ya tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini wakaiacha mikorosho yao nyuma, bei ilikuwa haimtoi mtu kitandani, na ugonjwa wa ubwiri unga ukaja ukayaunguza maua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mambo mawili yaligeuka: wakulima walianza kupulizia salfa, na wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia. Korosho zikaanza kuteremka tena kutoka uwandani, na pamoja nazo tukateremka sisi tuliosoma kidogo na tusiokuwa na kazi. Wakati huo nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, binti mmoja mdogo, na mama ambaye nyumba yake ya nyasi ilivuja pembe zote nne.

Kwetu ni Newala. Si mbali. Mtu wa Bukoba au wa Kigoma akinisikia nalalamika kuhusu Newala na Mtwara atanishangaa, kwa kuwa yeye akija huku anavuka nchi nzima. Lakini umbali haupimwi kwa kilomita tu. Barabara yetu ya siku zile ilikuwa ya mchanga na udongo, lori lilikwama kutwa nzima, na katikati ya msimu hapakuwa na ruhusa hata ya siku moja. Ukishateremka mwezi Oktoba ulikuwa umekwenda, na utaonekana Januari.

Nilikuwa karani wa mizani katika bohari la mnunuzi mmoja ambaye sina haja ya kumtaja. Lori likifika, makuli walipanda juu na kuanza kushusha, gunia baada ya gunia, kila moja kilo 80 au karibu na hapo. Linawekwa juu ya mizani, nasoma, naandika, nachora kijiti. Vijiti vinne, na cha tano kinavikata. Hiyo ni tano. Pembeni yangu kulikuwa na mzee aliyechota korosho kutoka magunia mbalimbali na kuzipasua kwa kijikisu ili aone viini: huyu mzuri, huyu amesinyaa, huyu amekula unyevu. Tulianza saa kumi na mbili asubuhi. Kama meli ilikuwa ikingojewa, tuliondoka saa tatu ya usiku, mara nyingine saa nne, tukiwaacha utingo wamelala chini ya malori yao. Vumbi la korosho ghafi si vumbi la kawaida. Linakaa kooni, linawasha shingoni, na mafuta ya ganda yakikugusa mara kwa mara ngozi inababuka kama iliyoungua. Usiku nilipofumba macho bado nilisikia sauti yangu mwenyewe: themanini na moja, sabini na tisa na nusu, themanini.

Msomaji wangu, kazi ya namna hiyo haiuawi na uzito wake. Inauawa na kufanana kwake. Siku ya arobaini ni sawasawa na ya thelathini na tisa, na huko nyumbani mambo yanaendelea bila wewe: mtoto anang'oka jino, mbuzi anazaa, jirani anafariki. Kila mmoja wetu alitafuta mahali pa kuikata siku ili asimeze kipande kizima. Makuli wengi waliikatia kwenye uraka, ile pombe ya mabibo ambayo msimu huo hupatikana kila kichochoro, tamu na chachu, nayo kwa kweli ni kinywaji cha baridi kwa mtu aliyekaushwa na vumbi. Sikuwalaumu, na mpaka leo siwalaumu wale waliokunywa kata moja wakaenda kulala. Lakini uraka una tabia ya kumwita ndugu yake mkali, naye akiingia mshahara wa juma unakwisha Jumamosi. Wengine waliikatia kwenye karata. Kijana mmoja wa Masasi alikuwa na kipande cha mti wa mpingo, na kila mchana, katika ile nusu saa ya kula, alikikwangua kidogo. Misimu miwili nilimwona na kipande hicho hicho. Sijui kiliishia kuwa nini.

Yule kijana alinikumbusha jambo ambalo wazee wetu walilisimulia. Wamakonde wenzetu wa Msumbiji waliovuka Ruvuma kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanganyika, wengi wao katika miaka ya 1950, walivuka na tezo zao. Kutwa walihesabiwa mizigo ya mkonge, na muda uliobaki ulikuwa wao, wakachonga. Leo vinyago vya Wamakonde vimo katika nyumba za makumbusho za Ulaya, na walioandika juu yake wameeleza habari za imani, mizimu na ujamaa. Yote hayo yamo, sibishi. Ila mimi nikikitazama kinyago kimoja cha zamani, naona pia mtu aliyeshinda siku nzima akifanya kazi ya mwingine, sasa ameketi chini na kitu ambacho hakuna mnyapara wa kukihesabu.

Mimi sikujua kuchonga. Kitu changu cha kwanza kisichohesabiwa kilikuwa maji.

Ni lazima uwe umekulia juu ya uwanda wa Makonde ndipo ulielewe jambo hili. Newala iko juu ukingoni, na pale Shimo la Mungu wageni husimama na kustaajabia bonde la Ruvuma lilivyotandaa chini, mpaka Msumbiji. Ni mandhari nzuri sana. Bibi zetu waliyaona mandhari hayo kwa namna nyingine: maji yalikuwa chini huko na vijiji vilikuwa juu huku, na kati yake ulikuwepo mteremko wa kushuka alfajiri na kupanda jua likiwa kali, na mtungi kichwani. Mabomba yalikuja baadaye, yakiharibika na kutengenezwa, lakini desturi ya kuyaogopa maji ilibaki katika nyumba zetu. Nilipokuwa mtoto nilioga kwa kata mbili, ya kwanza ya kujilowesha na ya pili ya kuondoa sabuni, na mama alisimama mlangoni akisikiliza kama kuna ya tatu.

Basi, katika ua wa nyumba niliyopanga Ufukoni kulikuwa na kisima kifupi. Maji yake yalikuwa na chumvichumvi na sabuni haikutoa povu la maana. Watu wa mjini waliyadharau. Mimi nilirudi saa tatu ya usiku, nikavuta ndoo ya kwanza, nikajimwagia yote, nikavuta ya pili. Siku nyingine hata ya tatu. Mtu ambaye kutwa nzima amehesabu magunia ya watu, alisimama gizani nyuma ya kiwambo cha makuti akijimwagia maji bila idadi. Mwenye nyumba, mama mtu mzima wa pale pale, alinisikia usiku mmoja akauliza kutoka ndani, "Karani, unaoga au unafua bahari?" Nikamjibu kwamba naoga, shikamoo. Akacheka, akaitikia marahaba.

Kitu cha pili kilikuwa redio yake. Iliwekwa dirishani kila usiku, na sisi wapangaji tuliketi barazani juu ya mkeka. Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo sasa ni TBC Taifa, ilikuwa wakati ule ndiyo barua ya watu wote. Saa mbili taarifa ya habari, kisha mazungumzo baada ya habari, na kwa nyakati zake salamu za wasikilizaji na matangazo ya vifo. Salamu zilifurahisha, hata za watu usiowajua: fulani wa Kahama anamsalimu fulani wa Tunduru, na ujumbe wake ni kwamba mvumilivu hula mbivu. Lakini ikifika zamu ya matangazo ya vifo baraza zima lilinyamaza. Kila mmoja alisubiri jina la wilaya yake lipite. Likipita bila kutajwa mtu wake, alivuta pumzi na kulala kwa amani. Kama utaniuliza ni faraja gani hiyo, ya kungojea msiba ambao haukuja, nitakujibu kwamba kwa mtu asiye na simu wala barua ilikuwa faraja kubwa.

Mambo haya yamebadilika, na ni haki kusema. Siku hizi kijana anayepanga chumba kama kile nilichopanga, awe karani wa ghala au fundi katika kiwanda cha saruji cha Dangote kilichoanza kazi mwaka 2015, anazungumza na kwao kila usiku, na mshahara wake unafika kwa mkewe kwa simu kabla yeye mwenyewe hajala. Siwezi kusema kwamba zamani ilikuwa bora. Mtoto wangu angeniona usoni kila jioni ningetoa nusu ya mshahara. Ila nimewasikia vijana hao kupitia ukuta. Simu humletea mtu sauti ya mtoto, na humletea pia dai la duka, ugomvi wa mpaka wa shamba, na swali la mbona hujatuma. Zamani ukishafunga mlango, matatizo ya nyumbani yalikuwa na safari ya siku nzima kukufikia. Sasa yanalala nawe mtoni.

Lakini kitu cha tatu ndicho kilichonigharimu fedha, na ndicho kilicholeta maneno.

Nilipotoka nyumbani kwenda bohari, alfajiri ile ya nyota chache, nilipita kwa mama mmoja aliyekaanga vitumbua. Tulimwita Mama Vitumbua na hakuna aliyeuliza jina lingine. Alikuwa mtu wa Msimbati, huko ambako mto Ruvuma unakaribia kuingia baharini, na unga wake ulikuwa wa mchele wa bonde la Ruvuma. Alisema mchele mwingine hauumuki kama ule, nami sikuwa na sababu ya kubisha, kwa kuwa vilikuwa vimejaa hewa na pembeni vina ukoko mwembamba kama karatasi. Chai yake ilikuwa ya rangi, imepikwa kwa mchaichai. Chai shilingi 30, kitumbua shilingi 20. Nilikula viwili. Jumla shilingi 70.

Juma la kwanza nilikunywa kama mteja. Katika juma la tatu, nilipokuwa bado napita kona ya mwembe, alikuwa amekwisha kumimina. Nikifika, kikombe kinafuka moshi juu ya benchi na juu yake amefunika kisahani ili kisipoe. Nilimwuliza anajuaje. Akasema, "Mwanangu, viatu vyako vinaburuza kama vya mtu anayekwenda mazishini. Nani asiyevijua?" Tukacheka sote. Nilipokuwa bohari, mimi nilikuwa karani, na karani akiugua huletwa karani mwingine. Vijiti vinaendelea kuchorwa. Pale kwenye benchi, siku niliyougua homa nisitokee, kikombe kilimiminwa kikapoa, na jioni yake mtoto alitumwa hadi chumbani kwangu kuuliza, "Mama anasema, karani leo hukupita, kuna nini?"

Baadaye nilitambua kwamba naye alikuwa mgeni Ufukoni, amekuja kufuata soko la mabaharia na makuli, na kwamba alikuwa na mtoto wa kiume aliyekwenda Unguja kuvua. Hakujua kusoma. Barua za mwanawe alikuwa anaziweka katika kopo la unga, hazijafunguliwa, akingoja mtu wa kuaminika. Nikawa mtu huyo. Siku za Jumapili tulipofunga mapema nilimsomea, naye akanielekeza la kuandika, na kila mara alitaka nimalize kwa kuandika kwamba mama ni mzima, hata kama juma zima alikuwa anakohoa. Kwa kila barua alinipa kitumbua cha tatu, na nilipokataa alinuna. Vitumbua hivyo vya tatu sikuviandika popote.

Nasema sikuviandika kwa sababu vingine vyote niliviandika. Nilikuwa na daftari. Mama aliponiaga alikuwa amenipa maneno mawili: usilowee, na uje na hesabu. Wasiolijua neno la kwanza niwaeleze: kulowea ni kwenda mahali kwa kazi au kwa safari, ukakaa, ukakaa, mpaka kwenu wakaacha kukutegemea. Hakuna anayeondoka nyumbani akiwa amenuia kulowea. Mlowezi huanza kwa kupata mahali pazuri pa kuketi jioni. Mama alilijua hilo vizuri, kwa maana baba yangu alikwenda kwenye mkonge huko Tanga na tulipata salamu zake mara mbili tu. Kwa hiyo nilijiwekea sharti: kila kinachotoka mfukoni kwangu kitaandikwa kwa tarehe, na daftari litasomwa nyumbani. Niliona kwamba mtu mwenye daftari la kwenda kusomwa kwao ni vigumu kupotea.

Msimu wa pili ulikuwa mzuri. Malori yalikuja mfululizo, nami nilifanya kazi siku 90 bila kukosa ila ile moja ya homa, ambayo niliifidia Jumapili. Fedha zile zilikuwa na kazi yake tangu mwanzo: bati za nyumba ya mama. Fundi alikuwa amepima, akasema bati 15. Nikanunua mjini, nikapata lori lililokuwa linarudi uwandani tupu, nikapanda juu ya bati zangu mwenyewe mpaka Newala. Bati zilikuwa 14.

Jioni ile tuliketi ndani, mvua ikiwa imekwisha anza kunusa. Alikuwepo mjomba, mdogo wake mama, ambaye kwa desturi yetu sisi Wamakonde ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Alihesabu bati kwa kuzigonga moja moja, akauliza ya kumi na tano iko wapi. Nikasema fedha zimeishia hapo. Akaomba daftari. Yeye macho yake yalikuwa yamekwisha kuchoka, akampa binti yangu, wakati huo yuko darasa la nne, asome kwa sauti.

Mtoto alisoma vizuri. Alikuwa na ile sauti ya kuimba ambayo watoto wa shule hupewa na walimu wao. "Jumatatu: chai na vitumbua, sabini. Jumanne: chai na vitumbua, sabini. Mafuta ya taa, arobaini. Jumatano: chai na vitumbua, sabini. Alhamisi: chai na vitumbua, sabini." Akafungua ukurasa. "Ijumaa: chai na vitumbua, sabini." Mama, ambaye alikuwa anachambua mbaazi, akainua kichwa na kuuliza, "Huyu Chai ni nani, mbona anakuja kila siku?" Binti yangu akashindwa kuendelea kwa kucheka. Mjomba hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu kwa vidole juu ya goti. Sabini mara tisini. Akafika: shilingi 6,300.

"Ni bati moja," akasema, "na misumari juu."

Alikuwa sahihi. Sikuwa na la kumpinga katika hesabu. Hesabu ndiyo kazi yangu. Akaendelea, kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko ukali: kwamba hapo nyumbani wao hunywa uji wa muhogo bila sukari, kwamba dada yake analala akihamisha mkeka kufuata pasipovuja, na kwamba yeye haelewi mtu mzima anawezaje kuila bati kwa vipande viwili viwili kila asubuhi.

Mtu wa nje angeweza kusema mengi. Angeweza kusema kwamba mfanyakazi asiyekula hufanya kazi vibaya, na hilo ni kweli, ila si jibu la swali la mjomba. Uji wa chumbani kwangu ungenishibisha kwa shilingi 15. Angeweza kusema kwamba mwenye jasho ndiye mwenye haki. Kwetu maneno hayo hayasemwi, na hata kama yangesemwa nisingeyasema, kwa sababu siyaamini. Jasho langu lilikuwa la mama na la mtoto pia. Nilichokuwa nacho moyoni ni kitu ambacho sikuweza kukieleza mbele ya mjomba bila kukosa adabu: kwamba katika siku ya saa 15, dakika kumi zile ndizo pekee ambazo mtu alikuwa ananingoja mimi na hangoji kijiti changu. Na kwamba, bila zile dakika kumi, yule ambaye angerudi Newala na bati 15 pengine asingekuwa na hamu ya kuketi chini yake. Nilitazama chini. Nilinyamaza.

Aliyesema ni mama. Hakuacha kuchambua mbaazi. "Na ugoro wako wewe," alimwambia nduguye, "unaandikwa na nani?"

Mjomba alikuwa na kikopo cha ugoro mkononi wakati ule ule. Alikitazama. Sisi wadogo tulijifanya hatukusikia, binti yangu akiwa ameficha uso ndani ya daftari. Mwishowe mjomba akakirudisha kikopo mfukoni na kusema, "Dada, mimi nilikuwa naulizia bati tu." Hakuna aliyeongeza neno. Ugali ukaletwa.

Fundi alizipanga bati 14 kwa ujanja, akazivuta huku na huku, lakini kona ya upande wa jiko ilibaki wazi, akaizibia kwa nyasi zile zile za zamani. Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Nyumba nzima ilikuwa kavu, isipokuwa kona ile. Na mama, ambaye hakuwahi kunilaumu kwa neno hata moja, alikipa kivujo kile jina. Mvua ikianza usiku alimwamsha mjukuu wake: "Hebu kaweke sufuria kwenye Chai." Jina likashika. Majirani walioingia kujikinga na mvua waliambiwa, usiketi hapo kwenye Chai, utalowa. Mjomba mwenyewe, siku moja ya mwezi Machi, nilimsikia akiuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Chai leo imejaa sufuria ngapi?"

Oktoba nilipoteremka tena, mama alinipa tena maneno mawili, la kwanza lile lile la kutolowea. La pili lilikuwa jipya. Aliniambia, "Na yule Mama Vitumbua wako, mpelekee hizi," akanifungia kibaba cha mbaazi katika kipande cha kanga. Mama Vitumbua alizipokea kwa mikono miwili, akazipika kwa nazi Jumapili, tukala pamoja, kisha tukafungua kopo la unga kuona kama Unguja wameandika.

Bati ya kumi na tano ilinunuliwa mwisho wa msimu huo. Daftari la mwaka ule lina chai mara 88; nalo mtoto alilisoma kwa sauti, na mjomba aliomba arudie tarehe mbili zilizokosa, akitaka kujua siku hizo nilikuwa na nini. Mama hayupo tena, na nyumba anaiangalia binti yangu anaporudi likizo kutoka Dar es Salaam. Ukisimama upande wa jiko, penye mkorosho, utaiona bati hiyo. Zile 14 zilishika kutu pamoja, zikawa nyekundu zote. Ile moja ilichelewa, na jua la jioni likiipiga bado inang'aa kidogo kuliko wenzake.